Jumla Sahihi Huanzia Kwenye Mstari Mmoja

Ndugu wasikilizaji, nawashukuru kwa kunipa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie namna ya kupanga matokeo kwa makundi na kupata jumla zake katika zana za kuhoji hifadhidata. Wengi wenu mnaifanya kazi hii kila wiki. Mnahesabu wagonjwa kwa wodi, wanafunzi kwa darasa, oda kwa mteja. Amri yenyewe ni fupi: unataja kolamu ya kugawia makundi, unataja kolamu ya kujumlisha, unabonyeza kitufe, namba zinatoka. Na zinatoka hata pale swali lenyewe lilipokuwa bovu. Kwa hiyo leo nitakaa sana kwenye jambo moja ambalo naliona kuwa mzizi wa mengine yote: kabla hujaomba jumla yoyote, ujue mstari mmoja wa jedwali lako unasimama kwa niaba ya kitu gani.

Kazi hii ni kongwe kuliko kompyuta. Sensa ya Marekani ya mwaka 1880 ilichambuliwa kwa mikono na ikachukua miaka mingi kukamilika. Kwa sensa ya 1890 Herman Hollerith alileta mashine zake za kadi zilizotobolewa. Tundu la mahali fulani kwenye kadi lilieleza jinsia, jingine umri, jingine mahali mtu alikozaliwa. Karani aliweka kadi kwenye mashine na kushusha sindano juu yake. Palipokuwa na tundu, sindano ilipenya ikagusa zebaki iliyokuwa chini, umeme ukapita, na mshale wa kihesabio ukasogea hatua moja. Pembeni kulikuwa na sanduku lenye vyumba vingi, na kifuniko cha chumba kinachohusika kilifunguka chenyewe ili kadi iingie katika kundi lake. Kugawa makundi na kuhesabu kwa pamoja! Kampuni ya Hollerith iliungana na nyingine mwaka 1911, na mwaka 1924 kampuni hiyo ikapewa jina la IBM. Humo humo IBM, mwaka 1970, Edgar Codd alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za majedwali tunazotumia leo, na mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce wakaieleza lugha ya kuzihoji, ambayo baadaye ilikuja kuitwa SQL.

Angalieni ni nini kiliwapa makarani wale uhakika: kadi moja ilikuwa mtu mmoja. Hakuna aliyehitaji kuuliza. Sisi leo tunakuta jedwali lililoundwa na mtu mwingine, zamani, lenye jina fupi kama "oda", na tunachukulia kwamba mstari mmoja ni oda moja. Huenda ndivyo. Lakini huenda pia kila oda inapobadilishwa mfumo huongeza mstari mpya na kuuacha ule wa zamani, ili historia isipotee. Huenda oda iliyofutwa haiondolewi, inatiwa alama tu kwenye kolamu moja ya pembeni ambayo hukuiangalia. Katika hali zote hizo SUM(kiasi), yaani jumla ya kolamu ya kiasi, italeta namba safi, iliyopangika vizuri kwenye ripoti. Hifadhidata haina namna ya kujua ulichokusudia.

Kujua si kazi kubwa. Uliza COUNT(*), inayohesabu mistari yote, kisha uliza COUNT(DISTINCT namba_ya_oda), inayohesabu namba za oda bila kurudia iliyokwisha kuhesabiwa. Zikilingana, na kama hakuna oda iliyokosa namba, basi mstari mmoja ni oda moja. Zisipolingana, gawa makundi kwa namba ya oda, chuja kwa HAVING COUNT(*) > 1, yaani ubakize oda zenye zaidi ya mstari mmoja, kisha kaa uzisome oda mbili tatu zilizojirudia, mstari kwa mstari. Utaona kwa macho yako kilichotokea. Naisisitiza hatua hii kwa sababu watu wengi wanaofika hapo hukimbilia kuweka DISTINCT ili marudio yatoweke, na marudio yanapotoweka hutoweka pamoja na maelezo yake.

Sasa tuone kinachotokea hasa unapogawa makundi. Nimeandika ubaoni:

SELECT mteja, SUM(kiasi), COUNT(*)
FROM oda
GROUP BY mteja;

Hifadhidata inasoma mistari yote ya oda na kuiweka pamoja yenye mteja mmoja. Inaweza kufanya hivyo kwa kuipanga kwanza kwa mteja, au kwa kujenga kumbukumbu ya haraka ambamo kila mteja ana nafasi yake na jumla inayoongezeka kila mstari wake unapopita. Ukitumia PostgreSQL, mojawapo ya programu za hifadhidata, amri ya EXPLAIN itakuonyesha njia ipi imechaguliwa. Kwa njia hiyo ya pili matokeo hayana mpangilio wowote unaoweza kuutegemea, kwa hiyo ukitaka yapangwe, andika ORDER BY. Wapo wanaosema, "Mbona kwangu siku zote yanatoka yamepangika?" Yataendelea kupangika mpaka siku jedwali litakapokua na mfumo ukabadili njia.

Lililo kubwa zaidi ni hili: baada ya GROUP BY, maana ya mstari imebadilika. Ulioingia nao ulikuwa oda, uliotoka nao ni mteja. Mistari ya oda haiko tena mbele yako. Ndiyo sababu ukiongeza tarehe ya oda kwenye SELECT bila kuitaja kwenye GROUP BY, swali lako linakosa jibu. Mteja ana oda kumi na tarehe kumi. Ni tarehe ipi unayoitaka? PostgreSQL, Oracle na SQL Server hukataa swali kama hilo na kukupa ujumbe wa kosa. MySQL kwa miaka mingi ililikubali, ikachukua tarehe kutoka kwenye mstari wowote wa kundi. Kuanzia toleo la 5.7, lililotoka rasmi mwaka 2015, ukali ule uliwashwa tangu mwanzo. Mpangilio huo unaitwa ONLY_FULL_GROUP_BY, na bado wapo wanaouzima kila wanapoweka mfumo mpya, kwa kuwa ripoti zao za zamani zinagoma. Nawasihi msiuzime. Ujumbe ule unakutaka uamue: unataka oda ya kwanza, yaani MIN ya tarehe? Unataka ya mwisho, yaani MAX? Au unataka kila tarehe iwe kundi lake, ndipo mstari wa matokeo uwe "mteja kwa siku"? Hayo ni maswali matatu tofauti, na mwenye kujua lipi linalotakiwa ni wewe.

Wale mnaotumia Microsoft Access hamwandiki SQL kwa mkono, mnajaza gridi. Gridi ile ina asili nzuri. Inatokana na wazo la Moshé Zloof, naye alikuwa IBM, ambaye katika miaka ya 1970 alitaka mtu aweze kuuliza kwa kujaza mfano wa jibu ndani ya jedwali tupu. Unabonyeza kitufe chenye alama ya Σ, gridi inaongezewa mstari wa Total, na kila kolamu uliyokwisha kuiweka inapewa Group By hapo hapo. Kila kolamu, hata ile uliyoiweka ili uione tu. Kama umeacha humo namba ya oda, kila oda inakuwa kundi la peke yake, na "jumla" unayoiona ni kiasi cha oda moja moja. Dalili yake iko wazi ukiitafuta: mistari ya matokeo ni mingi sawa na ya jedwali la mwanzo. Iondoe kolamu hiyo kwenye gridi. Kuificha kwa kuondoa alama ya kuonyesha hakusaidii, kwani bado inagawa makundi.

Gridi hiyo hiyo ina mtego wa pili, nao unatupeleka kwenye WHERE na HAVING. WHERE huchuja mistari kabla makundi hayajafanywa. HAVING huchuja makundi baada ya kujumlishwa. Maelezo hayo mmeyasikia mara nyingi, lakini tofauti yake huonekana vizuri kwenye mfano. Tuseme unatafuta wateja walionunua kwa zaidi ya 1,000 mwaka mzima. Ukiandika WHERE kiasi > 1000, umezitupa oda zote ndogo kabla ya kujumlisha. Mteja mwenye oda 20 za 90 kila moja, ambaye jumla yake ni 1,800, hatakuwemo kabisa. Haba na haba hujaza kibaba, ila WHERE yako imemwaga kila haba kabla kibaba hakijapimwa. Masharti yanayohusu mstari mmoja, kama tarehe ya oda au hali yake, yakae kwenye WHERE. Masharti yanayohusu jumla yakae kwenye HAVING. Katika Access, kigezo ulichokiandika chini ya kolamu yenye Sum kinakuwa HAVING. Ukitaka kichuje mistari kwanza, iweke kolamu hiyo kwenye gridi kwa mara nyingine na uchague Where kwenye mstari wa Total.

Nafika sasa kwenye kosa ninalolihofia kuliko yote, kwa sababu halina ujumbe wowote wa kulitambulisha. Linatokea unapounganisha majedwali kabla ya kujumlisha.

Tuchukue oda moja tu. Ina bidhaa tatu: ya kwanza 100, ya pili 250, ya tatu 250. Jumla 600. Mteja alilipa kwa awamu mbili, 400 kisha 200. Jumla 600. Hesabu zimefungana, hakuna deni. Kuna jedwali la bidhaa za oda na jedwali la malipo, yote mawili yana namba ya oda. Meneja anataka kuona, kwa kila oda, thamani ya bidhaa na kiasi kilicholipwa. Unaona ni jambo jepesi: unaunganisha jedwali la oda na la bidhaa, unaunganisha na la malipo, unagawa kwa namba ya oda, unajumlisha kolamu mbili.

Kaa uangalie kilichozaliwa na muunganiko ule kabla ya kujumlisha. Bidhaa ya kwanza inakutana na malipo ya kwanza, kisha inakutana na malipo ya pili. Bidhaa ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo. Mistari ni sita. Kila bidhaa imeandikwa mara mbili na kila malipo mara tatu. SUM ya bidhaa inatoka 1,200. SUM ya malipo inatoka 1,800. Ripoti inasema mteja huyu amelipa zaidi kwa 600, na kuna mtu ataanza kuandaa marejesho.

Mstari mmoja wa jedwali lile la kati ulikuwa nini? Haukuwa bidhaa, haukuwa malipo. Ulikuwa "bidhaa hii pamoja na malipo haya", jozi ambayo katika shughuli halisi haina maana yoyote, maana hakuna malipo yaliyofanywa kwa ajili ya bidhaa mojawapo. Ulijumlisha kitu ambacho hakipo.

Wengi hujaribu kuponya kwa SUM(DISTINCT ...). Jaribu hapa. Malipo yatatoka sawa, 600, na utafurahi. Bidhaa zitatoka 350, kwa sababu zile mbili za 250 zimehesabiwa kama moja. Dawa hiyo inafanya kazi pale tu ambapo hakuna thamani mbili zilizofanana, na kwenye bei za bidhaa thamani zinazofanana ni jambo la kila siku. Njia iliyo salama ni kujumlisha kwanza, kuunganisha baadaye. Swali la ndani la kwanza ligawe bidhaa kwa namba ya oda na kutoa mstari mmoja kwa kila oda. Swali la ndani la pili lifanye hivyo kwa malipo. Kisha unganisha matokeo mawili na jedwali la oda: mstari mmoja kwa mstari mmoja kwa mstari mmoja. Katika Access unaweza kuyahifadhi maswali mawili ya kwanza kwa majina yao na kuyatumia ndani ya la tatu. Linachukua dakika chache zaidi kuandika, na mtu atakayelisoma baada yako ataelewa kila hatua.

Angalia pia aina ya muunganiko. Oda ambayo haijalipwa haina mstari kwenye malipo, kwa hiyo muunganiko wa kawaida utaifuta kwenye ripoti, na hiyo pengine ndiyo oda ambayo meneja alitaka kuiona. Tumia LEFT JOIN, inayobakiza kila oda hata isiyo na mwenza kwenye malipo.

Ukishatumia LEFT JOIN utakutana na thamani tupu, NULL, na inabidi tuizungumze kwa utulivu kidogo. Chukua alama za wanafunzi wanne: 80, 60, tupu, 40. COUNT(*) inajibu 4, kwa sababu inahesabu mistari. COUNT(alama) inajibu 3, kwa sababu inahesabu mistari yenye alama. SUM inajibu 180. AVG, yaani wastani, inajibu 60, ambayo ni 180 kwa 3. Ukigawanya mwenyewe SUM kwa COUNT(*) utapata 45. Ipi ni sahihi? Inategemea ule utupu unamaanisha nini. Kama mwanafunzi hakuwepo kwa ugonjwa na atafanya mtihani baadaye, 60 ndiyo picha ya haki. Kama alikuwepo akarudisha karatasi isiyo na jibu, alama yake ni sifuri na ilipaswa kuandikwa sifuri. Hifadhidata haiwezi kuwatofautisha wawili hao. Aliyeingiza data ndiye anayejua, na wakati mwingine hakuna njia nyingine ila kumpigia simu.

Unapogawa makundi kwa kolamu yenye thamani tupu, SQL huzikusanya zote katika kundi moja. Msiliondoe kundi hilo kwa sababu linaonekana vibaya kwenye chati. Lipeni jina, "haijulikani", liacheni lionekane. Na SUM ya mistari sifuri haileti sifuri, inaleta NULL, ingawa COUNT inaleta 0. Hapo ndipo COALESCE inapokuwa na kazi yake: COALESCE(SUM(kiasi), 0). Kwa ile oda isiyolipwa, hapo ndipo unapogeuza NULL kuwa 0 ili deni liweze kukokotolewa.

Mpaka hapa nimezungumzia jumla zinazotoka na namba isiyo ya kweli. Kuna jambo gumu zaidi: jumla ambayo kila tarakimu yake ni sahihi na bado inampeleka msomaji kwenye hukumu isiyo sawa, kwa sababu kundi lililochaguliwa silo.

Mfano unaojulikana sana katika takwimu ni wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1973 waombaji wa masomo ya shahada za juu walikuwa wanaume 8,442 na wanawake 4,321. Wanaume waliokubaliwa walikuwa takribani asilimia 44, wanawake takribani asilimia 35. Ukiwa na jedwali la maombi, hilo ni GROUP BY jinsia. Pengo ni kubwa mno kusema limetokea kwa bahati, na mtu yeyote angeuliza kama wanawake wanaonewa. Peter Bickel, Eugene Hammel na William O'Connell walizichambua data hizo na kuchapisha matokeo mwaka 1975 katika jarida la Science. Waliangalia idara moja moja, yaani, kwa lugha yetu, GROUP BY idara, jinsia.

Katika idara kubwa kuliko zote, ile inayoitwa A kwenye majedwali, wanaume 825 waliomba na 512 wakakubaliwa, asilimia 62. Wanawake waliomba 108, wakakubaliwa 89, asilimia 82. Katika idara F, wanaume 373 waliomba na 22 wakakubaliwa, asilimia 6. Wanawake 341, wakakubaliwa 24, asilimia 7. Kati ya idara sita kubwa, katika nne wanawake ndio waliokuwa na kiwango cha juu cha kukubaliwa, na katika mbili zilizobaki tofauti ilikuwa ndogo. Iliwezekanaje basi jumla ikaonyesha kinyume? Angalieni walikoomba. Idara A na B zilikubali zaidi ya nusu ya waombaji. Katika idara hizo sita, wanaume 1,385 kati ya 2,691 waliomba A na B. Wanawake walioomba humo walikuwa 133 kati ya 1,835. Waliobaki walikwenda kwenye milango myembamba, ambako kila mtu, mwanamume au mwanamke, alikuwa na nafasi ndogo ya kupita.

Tofauti kati ya maswali mawili hayo ya hifadhidata ni kolamu moja. Mistari ni ile ile, WHERE ni ile ile. Sasa mnaniuliza, nitajuaje kundi lipi ni sahihi? Kwa mfano huu naona jibu liko kwenye mahali uamuzi unapofanyika. Ombi moja lilikuwa ombi kwa idara moja, na idara ndiyo iliyokuwa ikikubali au kukataa. Anayetaka kuchunguza haki ya uamuzi ule ahesabu pale ulipofanyika. Hilo halifungi mjadala wote. Kwa nini wanawake walielekea idara zile na si nyingine ni swali zito, lakini jedwali la maombi halina kolamu ya kulijibu, na mchambuzi mwaminifu anapaswa kusema hivyo kwenye ripoti yake kwa maandishi yanayoonekana.

Ndugu wa kosa hilo ni wastani wa wastani. Kundi la watu 10 lina wastani wa 90, kundi la watu 90 lina wastani wa 50. Ukichukua wastani wa namba mbili hizo unapata 70. Wastani wa watu 100 wenyewe ni 54. Kama utahitaji kupanda ngazi, kutoka wiki kwenda mwezi au kutoka tawi kwenda taifa, hifadhi SUM na COUNT za kila kundi, usihifadhi AVG peke yake. Jumla na idadi zinajumlishika tena, wastani haujumlishiki. Hesabu ya COUNT(DISTINCT mteja) nayo haijumlishiki: mteja aliyekuja Januari na Februari amehesabiwa katika miezi yote miwili, na kwa mwaka ni mtu mmoja.

Nipite haraka kwenye mambo machache ambayo najua mtakutana nayo. SQL Server ikipewa kolamu ya namba nzima, AVG yake hurudisha namba nzima na kukata desimali. Wastani wa 1 na 2 unakuwa 1. Badilisha aina ya kolamu iwe desimali ndani ya AVG. Fedha zihifadhiwe kwenye aina ya desimali kamili, kwani katika namba za kuelea, ambazo kompyuta huzihifadhi kwa makadirio, 0.1 jumlisha 0.2 haitoki 0.3 kamili, na kwenye mamilioni ya mistari tofauti hizo huonekana. Maandishi yenye nafasi iliyosahaulika mwanzoni yanakuwa kundi jingine. Na kundi lisilo na mstari wowote halitokei: siku ambayo hakuna oda haitaonyeshwa na sifuri, haitaonyeshwa kabisa, na chati itaunganisha jana na kesho kana kwamba leo haikuwepo. Tengeneza jedwali la kalenda lenye siku zote, anza nalo, kisha LEFT JOIN kwenye oda zilizokwisha kujumlishwa kwa siku. Nalo jina la "siku" lataka uangalifu. Kama kolamu ina tarehe pamoja na saa, GROUP BY juu yake itagawa kwa sekunde. Ipunguze iwe siku kwanza, na uhakikishe ni siku ya saa za eneo lipi, kwa sababu mifumo mingi huhifadhi kwa UTC, yaani saa rasmi za kimataifa, na oda ya usiku wa tarehe 31 inaweza kuangukia mwezi mwingine.

Kuhusu jumla ndogo na jumla kuu kwa pamoja, msiandike maswali matatu na kuyabandika. Mwaka 1996 Jim Gray na wenzake walieleza kiendeshi cha CUBE, kinachotoa jumla kwa kila muunganiko wa kolamu ulizozitaja. Kiwango cha SQL cha mwaka 1999 kikaingiza CUBE pamoja na ROLLUP na GROUPING SETS. ROLLUP(idara, jinsia) inakupa kila idara kwa jinsia, kisha jumla ya kila idara, kisha jumla kuu. Kwa data za Berkeley ungeziona ngazi hizo karatasi moja, na CUBE ingekuongezea jumla kwa jinsia peke yake, ile iliyowashtua watu. Jambo la kuangalia ni kwamba mistari ya jumla huandikwa NULL kwenye kolamu iliyokunjwa. Kama data yako nayo ina idara tupu, utakuwa na mistari miwili inayofanana yenye maana tofauti. Kitendaji cha GROUPING kinakutenganishia: kinarudisha 1 pale NULL ilipowekwa na jumla, na 0 pale ilipotoka kwenye data.

La mwisho ni ukaguzi, na hapa sitaki kumlegezea mtu. Kila ripoti ya makundi iambatane na jumla moja iliyochukuliwa moja kwa moja kwenye jedwali la asili, bila muunganiko wowote, kwa WHERE ile ile. Jumlisha makundi yako na ulinganishe. Ikiwa imezidi, muunganiko umezalisha mistari. Ikiwa imepungua, muunganiko umekula mistari, au kuna kundi la thamani tupu limeondolewa, au HAVING imekata. Tofauti ielezwe yote, hata ikiwa ndogo, kwa kuwa tofauti ya 3 inaweza kuwa 1,000,003 iliyopungua na 1,000,000 iliyoongezeka. Weka pia COUNT(*) kando ya kila SUM. Msomaji anayeona kundi lenye asilimia 100 ana haki ya kuona kwamba lina watu wawili.

Mradi umeme upo na tuna saa nzima mbele yetu, napenda tuitumie kwenye majedwali yenu wenyewe. Aliye tayari alete kompyuta mbele, atueleze mstari mmoja wa jedwali lake ni nini, kisha tuendeshe zile COUNT mbili tuone kama hifadhidata inakubaliana naye.